Nani huizima amri ya adrenalini ndani ya seli?

Afisa mifugo wa kata mojawapo wilayani Kongwa ameniandikia hivi: "Shikamoo Daktari. Kila mwaka kiangazi kinapokaribia kwisha tunapata ng'ombe ambao nyama yao baada ya kuchinjwa inakuwa nyeusi, ngumu, kavu kwa juu na yenye kunata mkononi, na wenye mabucha huishusha bei. Katika semina tulielezwa kwamba ng'ombe aliyehangaishwa hutoa adrenalini nyingi, nayo humaliza glaikojeni ya misuli. Lakini nimesoma kwamba adrenalini haiingii ndani ya seli. Inawezaje basi kukiamuru kimeng'enya kilichomo ndani? Na kama kimeng'enya hicho kipo muda wote, kwa nini hakivunji glaikojeni muda wote? Mnyama akishatulia, nani anakizima? Na je, tukimpumzisha saa moja kabla ya kumchinja, inatosha?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali manne katika barua moja, na yote yamejengwa juu ya jambo moja, yaani namna vimeng'enya vinavyopokezana amri ndani ya seli na namna vinavyoifuta amri hiyo inapokuwa haihitajiki tena. Nitayajibu yote manne, lakini nitakaa muda mrefu zaidi kwenye la tatu. Mara nyingi sisi tunaofundisha somo hili hueleza kwa kirefu jinsi amri inavyowashwa, kisha suala la kuzimwa kwake tukalipitia kwa sentensi moja, ilhali kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo udhibiti wenyewe, na hapo ndipo magonjwa mengi huanzia.

Tuanze na kile kinachopotea. Glaikojeni ni akiba ya glukosi ambayo mnyama huiweka katika ini na katika misuli, na chembe moja yake, yenye matawi mengi, inaweza kubeba makumi ya maelfu ya molekuli za glukosi zilizounganishwa. Akiba ya ini hulisha damu, na kupitia damu ubongo na viungo vingine. Akiba ya misuli ni ya misuli yenyewe, kwa kuwa seli za misuli hazina kile kimeng'enya cha mwisho kinachoiachia glukosi itoke kwenda kwenye damu. Kimeng'enya kinachoivunja akiba hiyo huitwa glaikojeni fosforilesi, na kwa ufupi nitakiita fosforilesi. Kazi yake ni kubandua glukosi mojamoja kutoka kwenye ncha za matawi, na kwa kuwa ncha ni nyingi, molekuli nyingi za fosforilesi zinaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja juu ya chembe moja ya glaikojeni.

Uko sahihi kwamba kimeng'enya hiki kipo muda wote katika misuli. Hata hivyo, kuwepo kwa kimeng'enya ni jambo moja na kufanya kazi kwake ni jambo jingine. Fosforilesi imeundwa kwa minyororo miwili inayofanana, kila mmoja ukiwa na asidi amino (vijenzi vya protini) zaidi ya 800. Asidi amino ya 14 kutoka mwanzo wa mnyororo ni serini. Msuli unapokuwa umepumzika, kipande hicho cha mwanzo kinaelea bila kushika mahali maalumu, na mbali na hapo, kwenye kitovu cha utendaji cha kimeng'enya, kuna kitanzi cha mnyororo kilichokaa vibaya, kikiziba njia ambayo viambata vya kazi vinapaswa kupita. Sasa serini hiyo ya 14 ikibandikwa fosfeti moja, yaani kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni, hali inabadilika. Fosfeti ina chaji hasi, na karibu yake kuna arjinini zenye chaji chanya, mojawapo ikiwa juu ya mnyororo wa pili. Kile kipande kilichokuwa kikielea kinavutwa na kushikwa pale minyororo miwili inapokutana, minyororo yenyewe inajizungusha kidogo, na kile kitanzi kilichokuwa kimeziba njia kinasogea pembeni. Kimeng'enya kilichokuwa kimelala kinaanza kazi. Hakuna protini mpya iliyotengenezwa na hakuna iliyovunjwa. Fosfeti moja tu imeongezwa katika molekuli kubwa mno, na umbo zima limejipanga upya.

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Vimeng'enya vya aina hii hukaa tayari katika hali ya kulala, na hali yao hutegemea kama vimebandikwa fosfeti au la. Kuna vingine ambavyo fosfeti huvilaza badala ya kuviamsha, lakini kanuni ni ileile.

Anayebandika fosfeti ni kimeng'enya kingine, nacho huitwa kinesi. Kinesi huchukua fosfeti ya mwisho ya ATP, molekuli yenye fosfeti tatu inayobeba nishati ya seli, na kuihamishia kwenye serini, threonini au tairosini ya protini inayolengwa. Anayeibandua ni kimeng'enya cha aina ya tatu, kiitwacho fosfatesi, ambacho hutumia maji kuikata. Ninajua kwamba wengi wetu tuliufahamu msamiati wa vimeng'enya kupitia mmeng'enyo wa chakula, amilesi ya mate na pepsini ya tumbo, na kwa hiyo tunafikiri kazi ya kimeng'enya ni kuvunja kitu kikubwa kiwe kidogo. Kwa kinesi na fosfatesi, kitu kinachofanyiwa kazi ni kimeng'enya kingine au protini nyingine, na kinachobadilika ni tabia yake. Binadamu ana jeni zaidi ya 500 za kinesi pekee, na hilo linaonyesha seli imewekeza kiasi gani katika kuwaamuru wafanyakazi wake yenyewe.

Waliogundua jambo hili walikuwa wakishughulika na fosforilesi hiihii ya misuli. Mwaka 1955 wanabiokemia Edmond Fischer na Edwin Krebs, wakiwa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, walijaribu kuandaa fosforilesi kwa njia iliyokuwa imewekwa na Carl na Gerty Cori, ambayo ilihitaji kimiminika cha misuli kichujwe kwa karatasi. Walipoacha karatasi na kutumia mashine ya kuzungusha kwa kasi ili kutenganisha mashapo, wakapata kimeng'enya kilicholala. Walipochuja kwa karatasi, kikatoka kikiwa macho. Ilibainika kwamba karatasi ilikuwa ikitoa kalsiamu kidogo, na kalsiamu hiyo ilikiamsha kimeng'enya kingine kilichokuwemo ndani ya kimiminika, yaani kinesi inayoibandika fosforilesi fosfeti kwa kutumia ATP. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Ikumbuke hiyo kalsiamu, kwa maana itarudi tutakapofika kwa ng'ombe wako.

Sasa swali la kwanza: amri inaingiaje? Ni kweli kabisa kwamba adrenalini haivuki utando wa seli. Inafika na damu, inajishikiza kwenye kipokezi kilichopenya utando huo kutoka nje hadi ndani, na kipokezi kinabadilika umbo. Upande wa ndani, kipokezi kilichobadilika umbo kinaigusa protini inayoitwa protini G, ambayo katika utulivu hushika molekuli iitwayo GDP. Kuguswa huko kunaifanya iiachie GDP na kushika GTP, yenye fosfeti moja zaidi, mahali pake, kisha sehemu yake moja inaachana na nyingine na kusogea kandokando ya utando hadi kufikia kimeng'enya kiitwacho adenileti saiklesi. Saiklesi ikishaamshwa, inaanza kuigeuza ATP kuwa AMP ya duara, yaani AMP (ATP iliyobakiwa na fosfeti moja) ambayo fosfeti yake imejikunja na kufunga duara. Molekuli hii ni ndogo, inayeyuka kwenye maji ya seli, na ndiyo inayoibeba habari ndani. Adrenalini yenyewe imebaki nje.

Namna Earl Sutherland na wenzake walivyoligundua hili inastahili kuelezwa, kwa kuwa inaonyesha mantiki yake waziwazi. Mwaka 1957 walisaga ini, wakalitenganisha kuwa mashapo yenye utando na maji ya juu yenye fosforilesi. Adrenalini ikiwekwa kwenye yale maji peke yake, haikufanya kitu. Ikiwekwa kwanza kwenye mashapo pamoja na ATP, mashapo yakatoa kitu fulani. Mchanganyiko ule ukachemshwa, na kile kitu kikabaki hai licha ya kuchemshwa, kikaweza kuiamsha fosforilesi kilipotiwa kwenye yale maji. Vimeng'enya karibu vyote huharibika kwa kuchemshwa, kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba kiungo kati ya homoni ya nje na kimeng'enya cha ndani si kimeng'enya, bali ni molekuli ndogo inayovumilia joto. Ilikuwa AMP ya duara. Sutherland alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1971.

Kuanzia hapo njia inakwenda kwa mpokezano. AMP ya duara inajishikiza kwenye kinesi A, ambayo katika utulivu ina vipande viwili vya kazi vilivyobanwa na vipande viwili vya uzuiaji. AMP ya duara ikivishika vile vya uzuiaji, vile vya kazi vinaachiliwa. Kinesi A inaibandika fosfeti kinesi ya fosforilesi, na kinesi ya fosforilesi inaibandika fosfeti fosforilesi yenyewe. Pengine utauliza kwa nini njia iwe ndefu hivyo, wakati kinesi A ingeweza kwenda moja kwa moja. Sababu ya kwanza ni ukuzaji: kila kimeng'enya katika njia hiyo huamsha vingi vya hatua inayofuata kabla hakijazimwa, kwa hiyo molekuli chache za adrenalini zinaishia kubandua idadi kubwa mno ya glukosi, tena ndani ya sekunde chache. Sababu ya pili, ambayo mimi naiona kuwa muhimu zaidi, ni kwamba kila hatua ni mahali ambapo habari nyingine inaweza kuingia au kutoka. Kinesi A iliyoamshwa huibandika fosfeti pia glaikojeni sinthesi, kimeng'enya kinachojenga glaikojeni, na kwa hicho fosfeti ni kulazwa. Kwa tendo lilelile, uvunjaji unaamshwa na ujenzi unasimamishwa. Bila hivyo seli ingekuwa inabomoa na kujenga papo hapo, ikiteketeza ATP bila faida.

Tufike sasa kwenye swali lako la tatu. Jibu fupi ni kwamba hakuna mzimaji mmoja. Kila hatua niliyoitaja ina mzimaji wake, na karibu wote ni vimeng'enya.

Adrenalini ya kwenye damu inaharibiwa na vimeng'enya vya ini na vya tishu nyingine, kiasi kwamba nusu yake hutoweka ndani ya dakika chache tu. Kipokezi kilichokwisha kushikwa na adrenalini kinabandikwa fosfeti na kinesi maalumu inayotambua vipokezi vilivyo kazini, kisha protini iitwayo arestini inakikalia kwa ndani ili kisiiguse tena protini G. Ndiyo maana seli iliyokaa muda mrefu katika adrenalini nyingi hupunguza mwitikio wake hata kama homoni bado ipo. Protini G yenyewe ni kimeng'enya: polepole inaikata GTP iliyoishika na kuirudisha kuwa GDP, na ikishafanya hivyo inaiachia saiklesi na kurejea mahali pake. Hapa naomba uzingatie jambo hili, kwa sababu ni mojawapo ya mambo yanayonivutia zaidi katika elimu ya seli. Mbeba amri amezaliwa na uwezo wa kujizima mwenyewe. Tangu sekunde anayoanza kazi, muda wake umekwisha kuanza kuhesabiwa, na asipoamshwa upya na kipokezi, ananyamaza.

AMP ya duara inakatwa na kimeng'enya kiitwacho fosfodiesteresi, kinacholifungua lile duara na kuacha AMP ya kawaida isiyoamsha kinesi A. Mamalia wana familia 11 za fosfodiesteresi, na seli huziweka mahali tofauti ndani yake, jambo linaloeleza kwa nini AMP ya duara inaweza kupanda karibu na chembe ya glaikojeni bila kupanda kila pembe ya seli. Hatimaye ziko fosfatesi, na kwa glaikojeni iliyo muhimu ni ile inayoitwa fosfatesi ya protini ya kwanza. Hii hubandua fosfeti kutoka kwenye fosforilesi, ikailaza. Hubandua kutoka kwenye kinesi ya fosforilesi, ikailaza pia. Na hubandua kutoka kwenye glaikojeni sinthesi, ambayo kwa hilo huamka. Kimeng'enya kimoja, kwa kazi ileile ya kubandua, kinasimamisha uvunjaji na kuanzisha ujenzi.

Usifikiri kwamba fosfatesi husubiri kinesi imalize ndipo zianze. Zote mbili hufanya kazi kwa wakati mmoja muda wote. Ni kama tangi la maji hapa Dodoma ambalo bomba la juu linaingiza na koki ya chini inatoa bila kufungwa: kimo cha maji hakitegemei bomba peke yake wala koki peke yake, hutegemea ni ipi inayopitisha zaidi, na ukitaka kimo kipande una njia mbili, kuongeza yanayoingia au kupunguza yanayotoka. Kiasi cha fosforilesi iliyo macho ni kimo hicho. Seli inalipa gharama kwa mpango huu, kwa maana kila fosfeti iliyobandikwa imegharimu ATP na kila inayobanduliwa inapotea. Kinachonunuliwa kwa gharama hiyo ni wepesi. Kwa kuwa ubanduaji hausimami, amri ikikatika hali inarudi chini mara moja bila kungoja protini mpya itengenezwe.

Na seli inazitumia njia zote mbili. Kinesi A, mbali na kuongeza ubandikaji, inapunguza ubanduaji: huibandika fosfeti protini ndogo ambayo, ikishabandikwa, inaishika fosfatesi na kuizuia, na pia huiachisha fosfatesi kutoka kwenye chembe ya glaikojeni iliyokuwa imeshikizwa. Insulini huelekea upande wa pili. Inapofika baada ya mnyama kula, husababisha glaikojeni sinthesi ibanduliwe fosfeti zake na ujenzi uanze. Kwa hiyo homoni zinapoonekana kupingana, mara nyingi zinachokigombania ni uwiano kati ya kinesi na fosfatesi zilezile.

Umuhimu wa wazimaji huonekana vizuri zaidi mmoja wao anapoharibiwa, na mfano ulio wazi kuliko yote niujuao ni kipindupindu, ugonjwa ambao mikoa yetu ya kati imewahi kuuona. Sumu ya bakteria wa kipindupindu nayo ni kimeng'enya. Kipande chake kinaingia ndani ya seli za utumbo mwembamba, kinaikuta ile protini G, na kuibandika kipande cha molekuli nyingine juu ya arjinini moja, ile ambayo protini G huihitaji ili kuikata GTP. Haikuharibu kipokezi, haikuharibu saiklesi, haikuharibu chochote kinachowasha. Imeharibu uwezo wa kujizima tu. Protini G inabaki imewaka, saiklesi inaendelea kutengeneza AMP ya duara, kinesi A inafungua njia za kloridi kwenye utando unaoelekea ndani ya utumbo, na kloridi ikitoka, sodiamu na maji yanafuata. Mgonjwa mzito anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Maji yenye chumvi na sukari yanaokoa maisha hapa kwa sababu njia ambayo utumbo huitumia kuingiza sodiamu pamoja na glukosi haikuguswa na sumu ile. Tunapitisha maji kwenye mlango ambao bado unafanya kazi, huku tukingoja seli zilizoathirika zibadilishwe na mpya, jambo ambalo utumbo hulifanya kwa siku chache.

Saratani nyingi ni hadithi hiyohiyo mahali pengine. Protini iitwayo Ras, ambayo nayo hushika GTP ili kupeleka amri ya seli kugawanyika na kuikata ili kunyamaza, hupata badiliko la asidi amino moja, mara nyingi ile ya 12, na uwezo wa kukata ukapotea. Seli inapokea amri ya kugawanyika ambayo hakuna aliyeitoa.

Turudi kwa ng'ombe wako. Mnyama aliyetembezwa kutoka vijijini hadi mnadani, akachanganywa na wasiomfahamu, akapakiwa kwenye lori na kushushwa katika zizi geni, anatoa adrenalini mara kwa mara kwa saa nyingi. Kila safari njia niliyoieleza inawashwa, na kila safari inazimwa. Anapotulia kweli, wazimaji hawachelewi: adrenalini inapungua kwa dakika, AMP ya duara inakatwa, fosforilesi inalala. Kwa maana hiyo, saa moja ya kivuli, maji na utulivu inatosha kuuzima uvunjaji.

Lakini haitoshi kuirudisha akiba, na hapa naomba tutenganishe mambo mawili ambayo semina nyingi huyachanganya. Kuzimwa kwa amri ni suala la dakika. Kujazwa kwa glaikojeni katika misuli ya ng'ombe ni suala la siku kadhaa. Glaikojeni sinthesi inaweza kuwa macho kabisa na isijenge kitu kama glukosi haiji, na ng'ombe hapati glukosi nyingi moja kwa moja kutoka tumboni kama sisi tunaokula ugali. Vijidudu vya tumbo lake la kwanza huchachusha wanga na kuuacha katika umbo la asidi ndogondogo, na ini lake linalazimika kutengeneza glukosi upya, hasa kutokana na mojawapo ya asidi hizo, iitwayo propioneti. Kazi hiyo inategemea malisho. Mwezi wa Oktoba au Novemba, majani ya Kongwa yakiwa yamebaki mabua, mnyama anafika mnadani akiwa na akiba ndogo tangu mwanzo, na hangaiko ambalo ng'ombe wa Aprili angelivumilia linammaliza huyu. Nadhani ndiyo sababu tatizo unaliona mwishoni mwa kiangazi.

Baada ya kuchinjwa, oksijeni inakoma kufika, ATP inashuka na AMP ya kawaida inapanda. AMP hiyo inaweza kuiamsha fosforilesi hata bila fosfeti ya serini ya 14, na glaikojeni iliyobaki inageuzwa kuwa asidi laktiki. Katika nyama nzuri ya ng'ombe, pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho huwa kidogo asidi inapokuwa nyingi, hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5 ndani ya saa 24. Kama akiba ilikwisha kabla ya kisu, hakuna cha kugeuzwa asidi, na pH inabaki juu ya 6. Protini zinayashikilia maji, nyuzi zinabaki zimevimba, mwanga unazama ndani badala ya kurudishwa, na nyama inaonekana nyeusi na kavu. Inaharibika mapema pia, kwa kuwa bakteria hawakuti asidi ya kuwazuia wala glukosi ya kuanzia, hivyo huanza mara moja kula asidi amino na kutoa harufu. Kwa mlaji, nyama hiyo ikiwa imekaguliwa na ikapikwa mapema haina sumu yoyote, nami nisingependa mfugaji aambiwe kwamba ng'ombe wake alikuwa mgonjwa.

Huenda umewaza, kama wengine wengi walivyoniuliza, kama mnyama angeweza kupewa dawa inayoziba vipokezi vya adrenalini. Dawa za aina hiyo zipo tangu miaka ya 1960, nazo zilimpatia James Black Tuzo ya Nobel mwaka 1988, lakini kwa shida yako singezitegemea, hata tukiliacha kando suala la mabaki ya dawa kwenye nyama. Hapa ndipo ile kalsiamu ya karatasi ya kuchujia inaporudi. Msuli unapokaza, kalsiamu humwagwa ndani ya seli zake, na kinesi ya fosforilesi ina kipande kinachoishika kalsiamu na kuamka kwa hiyo, bila kupitia kwenye kipokezi. Fahali anayepigana na fahali mgeni, au ng'ombe anayehangaika kusimama lori likiyumba, anaivunja glaikojeni yake kwa njia hiyo ya pili hata kama ya kwanza imezibwa kabisa.

Kwa hiyo pumziko la saa moja liendelee, lakini kinga yenyewe ianze mapema zaidi: wanyama wa zizi moja wasafirishwe pamoja na wasichanganywe, hasa mafahali; wasipigwe wakati wa kupakia; na wale waliotoka mbali katika miezi ya ukame walishwe vizuri kwa siku kadhaa kabla ya kuchinjwa, kama mwenye mali anaweza kumudu. Machinjio yenu yakiwa na kipima pH cha kuchoma, pima msuli wa mgongo saa 24 baada ya kuchinja, uandike kando yake mnyama alitoka zizi gani, alisafiri vipi, na alilala wapi usiku wa mwisho. Ukiwa na orodha ya msimu mmoja utaweza kutofautisha wanaofika wakiwa na akiba kidogo kutokana na malisho na wanaoipoteza njiani, na ushauri wa kumpa mfugaji hautakuwa mmoja kwa makundi hayo mawili.